Stoo ya mbao mbichi: barua kwa mwanangu

Mafinga, Agosti

Mwanangu Tumaini,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia ile misindano (misonobari) kumi ya bondeni imeangushwa bila mtu kuumia. Umeniuliza kama mbao utakazopasua mwezi huu unaweza kuzijengea stoo zikiwa bado mbichi, uwahi mvua za mwisho wa Novemba, au uzikaushe kwanza ujenge mwakani. Jenga mwaka huu. Ila mbao mbichi itasinyaa utake usitake, na stoo itadumu au itaharibika kutegemea kama umeiachia nafasi ya kusinyaa.

Kwa urefu msindano hausinyai kwa kiasi cha kukusumbua. Husinyaa kwa upana na kwa unene. Ubao wa inchi 8 ukishakauka kwa hewa ya huko Njombe hupungua kama robo inchi, wakati mwingine zaidi kidogo. Ukiubana kwa misumari kingo zote mbili, hauna pa kwenda, basi unapasuka katikati. Fundi atalaumu mti, na mti hauna kosa.

Kwa vipimo, nenda futi 8 kwa 12, paa la mteremko mmoja, mbele futi 8 na nusu, nyuma futi 7. Nimechagua hivyo kwa sababu kombamoyo, yaani mbao ya kubeba paa, la kuvuka futi 8, pamoja na upenu wa futi moja na nusu kila upande, linafika futi 11 na ushee, kwa hiyo mbao ya futi 12 inatosha bila kuungwa. Stoo yote, na sakafu yake, itahitaji mbao za ujazo wa kama mita 2.5. Gogo la futi 12 lenye kipenyo cha inchi 12 katikati lina ujazo wa kama mita 0.27, na kwa mashine ndogo hesabu kwamba asilimia 40 tu ndiyo itakayokuwa mbao. Hayo ni magogo 24. Misindano yako kumi ya miaka kumi na minane inaweza kuyatoa, ila usikate yote futi 12. Ya nguzo na ya mbao za ukuta wa mbele yakate futi 9 na inchi tatu, ya ukuta wa nyuma futi 8. Hapo ndipo anayepasua mti wake anapompita anayenunua dukani: hulipii vipande vya kutupa.

Sasa kupasua. Chensoo inakula karibu milimita 8 kila mkato, maana yake mikato mitatu imemeza inchi nzima ya mti. Kwa hiyo tumia chensoo kwa vipande vinene, yaani 4x4 na 2x6 (vipimo vya inchi), na mbao za inchi moja wapelekee wenye dingdong, ile mashine ya kuhamishika ya msumeno wa duara, au mwenye mashine ya msumeno wa mkanda kama yupo karibu, kwani mkanda unakula milimita 2 au 3 tu. Mnyororo wa kupasulia unanolewa kwa pembe ya nyuzi 10 hivi. Ule wa kukatia una nyuzi 30, na ukiupasulia utatoa uso wenye mikwaruzo na kuichosha injini. Mkato wa kwanza uongozwe na ubao ulionyooka uliopigiliwa juu ya gogo, maana mikato yote inayofuata inaiga ule wa kwanza. Na tafadhali, usipasue peke yako shambani.

Angalia moyo wa mti. Ubao wa inchi moja wenye moyo ndani yake utapasuka na kujikunja, utenge. Nguzo ya 4x4 yenye moyo katikati kabisa itapata ufa, lakini itabaki imenyooka, na ufa wa namna hiyo hauipunguzii nguvu za kazi hii. Moyo ukikaa pembeni mwa nguzo, nguzo itapinda. Magogo ya mti uliokuwa umeinama utayajua kwa kuwa si duara kamili na moyo umekaa upande mmoja: hayo hata kwa urefu husinyaa, na mbao zake hupinda kama upinde. Yakate vipande vifupi vya ngazi na rafu. Milingoti (mikaratusi) uliyoitaja iache kwa sasa. Mti ule una mvutano mkubwa ndani, ubao unaruka ukiwa bado kwenye msumeno, na ukikauka haupokei msumari bila kutobolewa kwanza.

Gogo la msindano likilala chini wiki kadhaa na gome lake huingia ukungu wa bluu. Haupunguzii mbao nguvu kwa kiasi cha kuiogopa, lakini unakuonyesha kuwa unyevu umekaa mno. Pasua mapema, panga siku hiyohiyo. Rundo likae futi moja na nusu juu ya ardhi, na kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vikavu vya inchi moja kwa inchi moja, kila baada ya futi 2. Vijiti vyote visimame mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Kikihama kimoja, mbao zinabonyea hapo na kukauka zikiwa na wimbi. Paka rangi yoyote iliyobaki kwenye ncha za mbao, maana ncha hukauka haraka kuliko katikati na ndiyo sababu ya zile nyufa za mwishoni. Funika juu kwa mabati na mawe, pembeni acha wazi upepo upite. Nailoni usiizungushie, itaozesha mbao zako.

Si mbao zote zinazohitaji kukaa kwenye rundo muda mrefu. Nguzo, boriti za chini, makombamoyo na mbao za kuta zijenge mbichi. Za mlango na mikanda ya kufunika nyufa zisubiri. Kwa jua la Septemba na Oktoba, mbao za inchi moja zitakuwa tayari ndani ya miezi miwili au mitatu. Huna haja ya kipimo cha unyevu: chagua ubao mmoja wa katikati ya rundo, upime kwenye mizani ya mahindi kila wiki, uandike uzito juu yake. Uzito ukikoma kushuka, umekauka.

Msingi ni vipilara 12, safu tatu za vinne, kila futi 4, chini ya kila kimoja kitako cha zege cha futi moja na nusu kwa futi moja na nusu, unene wa inchi 6, kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mifuko 5 ya saruji itatosha pamoja na kujengea. Kabla ya kuchimba, hakikisha pembe: kutoka kona hadi kona ya pili kwa mshazari lazima iwe futi 14 na inchi 5, pande zote mbili. Vipilara viwe futi moja na nusu juu ya ardhi, ili uweze kuinama na kuona chini yote. Juu ya kila kimoja weka kofia ya bati bapa, kingo zake zikitokeza inchi 2 na kukunjwa kuelekea chini. Kofia haiui mchwa. Inawalazimisha kujenga njia yao ya udongo nje, mahali unapoiona na kuibomoa. Kwenye vipilara vya kona na vya katikati ya pembeni acha nondo ya milimita 12 itokeze ipite kwenye boriti, na tundu la kofia uzibe kwa lami, maana tundu hilo ni mlango wa mchwa.

Oili chafu ya kupaka mbao dhidi ya mchwa sipendi. Haiingii ndani ya mbao, inabaki juu, na harufu yake inahamia kwenye mahindi.

Boriti tatu za 4x4 zilale kwa urefu wa futi 12, mbao saba za 2x6 zivuke juu yake kila futi 2 kubeba sakafu. Nguzo kumi zisimame juu ya boriti, kila moja sawasawa na kipilara chake: nne mbele, nne nyuma, moja katikati ya kila ubavu. Simamisha kwa timazi, kisha hapohapo pigilia mbao za mshazari za 2x4 kwenye kila kona, pande zote mbili. Bila mshazari, stoo ya mbao huanza kuinama mwaka wa kwanza, na hakuna msumari utakaoizuia.

Kuta ndizo zinazohitaji uangalifu wako wote. Zungusha mbao za mlalo za 2x4 safu tatu: chini, katikati, juu. Mbao za ukuta, 1x8, zisimame wima na kushuka inchi moja chini ya boriti ili maji yadondokee nje. Tazama ncha ya kila ubao: upande uliokuwa karibu na moyo wa mti ndio utazame nje, maana ubao unapokauka kingo zake hujikunja kuelekea upande wa gome, na ukiuweka hivyo kingo zitabana kwenye mbao za mlalo badala ya kufunguka. Kila ubao upate msumari mmoja tu wa inchi 3, katikati ya upana wake, kwenye kila safu. Kati ya ubao na ubao acha upenyo wa unene wa msumari. Mikanda ya upana wa inchi mbili na nusu ije baadaye, wiki sita au zaidi, na msumari wa mkanda upite ndani ya upenyo uingie kwenye mbao ya mlalo, usiguse ubao wa upande wowote. Hivyo kila ubao unasinyaa kutoka kingo kuelekea katikati, na mkanda unaendelea kufunika. Mbao kama 54, misumari kama 330 pamoja na ya mikanda. Fundi atataka kupiga miwili miwili "iwe imara". Mkatalie.

Paa ni makombamoyo manne ya 2x6, kila moja juu ya nguzo zake, yafungwe kwa utepe wa chuma hadi kwenye nguzo. Papi, yaani mbao za kupigilia mabati, ziwe za 2x3 safu tano, mabati 6 ya futi 12 ya geji 28, misumari kwenye migongo ya bati. Chini ya upenu acha wazi kwa hewa, ukizibe kwa wavu wa panya.

Sakafu, ya inchi moja na nusu, itandaze bila misumari. Iache ikauke ndani ya stoo hadi Januari, kisha zisogeze mbao zikutane, uongeze ubao mmoja au miwili uliobaki, ndipo upigilie. Kabla ya hapo mahindi yakae juu ya chaga, na mbolea iwe na chumba chake upande wa pili, kwa kuwa unyevu wake unakula misumari haraka. Mlango utengeneze mwisho kabisa, kwa mbao zilizokauka. Mbao yake ya mshazari ianzie chini upande wa bawaba ipande hadi juu upande wa komeo. Ukiigeuza, mlango utalala.

Pima vipenyo vya magogo yote kwenye ncha nyembamba, uniandikie pamoja na urefu wake. Nitakupangia gogo lipi litoe nguzo na lipi litoe mbao za ukuta kabla hujamwita mwenye mashine.

Mama yako