Maswali kwa Bibi Mkunga: Mwanangu Hajui Usiku

SWALI

Shikamoo, Bibi Mkunga. Mimi ni mama wa mtoto wa kwanza, mvulana wa wiki 5, na ninaishi Kibirizi, Kigoma. Mwanangu hulala mchana kutwa, lakini jua likizama tu huanza kulia: hunyonya kidogo, huachia, hulia tena, na huendelea hivyo hadi saa 6 au saa 7 usiku. Akilala hushtuka ghafla na kutanua mikono. Mama mkwe wangu, anayenilea uzazi huu kwa upendo mwingi, anasema kushtuka huko ni degedege na kilio ni mchango, hivyo anataka tumpe maji ya dawa ya mizizi. Mume wangu huvua dagaa. Hurudi alfajiri na kulala mchana, kwa hiyo usiku nabaki na mtoto peke yangu. Wiki iliyopita nilimshika mabegani nikahisi mikono yangu inataka kumtikisa ili anyamaze. Nilimlaza kitandani, nikatoka nje, nikalia. Je, mimi ni mama mbaya?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Naanza na hilo la mwisho, kwa sababu nadhani ndilo lililokufanya uandike. Ulichofanya usiku ule ndicho hasa ambacho ningekuelekeza ufanye. Mtoto mchanga hatikiswi kamwe, kwa kuwa shingo yake haijapata nguvu na mtikiso huweza kuuvujisha damu ubongo wake, jambo linalopofusha, linalolemaza na hata kuua. Lakini mtoto aliyelazwa chali mahali salama akalia dakika 10 wakati mama yake anavuta pumzi uani hadhuriki. Ukihisi hivyo tena, fanya vilevile, kisha mwamshe mama mkwe wako bila kuona haya. Na kama huzuni haikuachi kwa wiki 2, au unajiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda ukamweleze muuguzi, maana hayo ni maradhi ya uzazi yanayotibika.

Sasa tumtazame mtoto. Kilio cha watoto wachanga huongezeka kuanzia wiki ya 2 hivi, hufikia kilele karibu na wiki ya 6, kisha hupungua hadi mwezi wa 3 au wa 4. Wako yuko pale pale penye kilele, na saa za jioni ndizo ngumu zaidi kwa wengi wao. Kunyonya mara kwa mara jioni, kwa vipindi vifupi, hakumaanishi kwamba maziwa yako yamekwisha. Hesabu nepi: akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na uzito wake unapanda kwenye kadi ya kliniki, anashiba.

Usingizi nao una sababu yake. Mtoto mchanga hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini kwa vipande vya saa 2 au 3, kwa sababu tumbo lake ni dogo na mwili wake bado haujajifunza kutofautisha usiku na mchana. Ujuzi huo huanza kujengeka mnamo mwezi wa 2 au wa 3. Unaweza kumsaidia, na hapa umeandika jambo moja kwa kupita tu ambalo mimi limenisimamisha. Baba yake hulala mchana. Nina hakika basi kwamba mchana nyumba yenu hufungwa madirisha, pazia hushushwa, watu hunong'ona, na mtoto hulala humo humo gizani pamoja na baba yake. Usiku taa huwashwa, simu hung'aa, watu huzungumza. Kwa mtoto huyo, usiku ni mchana na mchana ni usiku. Asubuhi mtoe chumbani, akae barazani au sebuleni penye mwanga, aisikie sauti ya sufuria na ya majirani, na mchana asipitishe saa 3 bila kunyonyeshwa. Usiku mnyonyeshe kwenye mwanga hafifu, usimsemeshe sana, wala usimbadilishe nepi isipokuwa ana choo au imelowa sana.

Kuhusu kushtuka: mtoto wa umri huu akilazwa ghafla au akisikia mlango, hutupa mikono nje kisha huikunja kifuani, nayo ni hali ya maumbile itakayoondoka yenyewe baada ya miezi michache. Mshike mkono taratibu. Mshtuko wa kawaida hutulia chini ya kiganja chako, ilhali degedege huendelea kutikisa kiungo hata ukikishika. Vilevile, karibu nusu ya usingizi wake ni mwepesi, naye hukoroma, hukunja uso na hata kutoa kilio kifupi akiwa bado amelala. Usimnyakue mara moja. Ngoja kidogo umsikilize, kwani akina mama wengi huwaamsha watoto ambao hawakuwa wameamka.

Maji ya mizizi msimpe. Hadi atimize miezi 6 anahitaji maziwa yako pekee, pamoja na dawa atakazoandikiwa na mtaalamu. Maji hujaza tumbo bila kumlisha, hupunguza hamu yake ya kunyonya, na huweza kumletea kuhara. Mimi mwenyewe mwanangu wa kwanza nilimpa maji ya sukari akiwa na wiki 3, akaharisha siku 4, na bado naikumbuka ngozi ya tumbo lake ilivyokuwa ikibaki imekunjana nikiivuta. Hata hivyo usimkatalie mama mkwe wako kwa ukali. Mpe kazi aijuayo kuliko wewe. Baada ya kunyonyesha saa 12 jioni, amweke begani ampapase mgongo hadi abeue, kisha amfunge kwa mbeleko na kutembea naye, uso ukiwa wazi, nawe ulale hadi mtoto ahitaji ziwa. Mume wako naye, siku za mbalamwezi asipoingia ziwani, ampokee mtoto usiku kila umalizapo kunyonyesha.

Mlaze chali ndani ya chandarua, kwenye godoro lisilobonyea sana, pasipo mto wala blanketi zito karibu na uso wake. Mkimbize kituo cha afya, hata kama ni usiku wa manane, akikataa kunyonya, akiwa na joto la nyuzi 37.5 au zaidi au akiwa wa baridi isivyo kawaida, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, akilegea, au viganja na nyayo zake zikiwa za njano.

SWALI

Shikamoo, mama. Mimi ni baba wa mtoto wa wiki 3, wa Sikonge, Tabora. Sisi ni warina asali, na wazee hutuambia kumlambisha mtoto asali kidogo usiku humtuliza. Je, ni sawa?

JIBU

Marahaba, baba. Si sawa, na nakuomba ulizuie leo hii. Hata asali safi kabisa inaweza kubeba mbegu za kijidudu ambacho, kikiota katika utumbo wa mtoto aliye chini ya mwaka 1, hutoa sumu inayolegeza misuli: mtoto hufunga choo, kilio chake hufifia, hushindwa kunyonya, na mwishowe hushindwa kupumua. Utulivu wa namna hiyo ni wa hatari. Kuichemsha asali nyumbani hakuziui mbegu hizo. Kama amekwisha kulambishwa, mchunguzeni kwa wiki kadhaa kwa dalili nilizotaja, na mkiona hata moja mwende hospitali mkaseme wazi kwamba alipewa asali. Asali yenu mtie kwenye uji wa mama yake. Yeye haimdhuru, wala maziwa yake hayatamdhuru mtoto.