Re: Dogo wa form one, shule kilomita nne, boda au baiskeli?

Mkuu uliyeuliza dogo apande boda kila siku au umnunulie baiskeli, mimi nasema baiskeli. Nimesoma sekondari ya kata huku Nzega, shule ilikuwa mbali zaidi ya hapo na njia mchanga mtupu, kwahiyo haya nayajua kwa magoti yangu.

WHO wanasema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 apate walau dakika 60 za mazoezi kwa siku, yale ya kuhema haswa. Kilomita nne kwa baiskeli ni kama dakika 20, kwenda na kurudi 40, na hapo bado hajagusa mpira. Kwa mguu inakaribia masaa mawili jumla, mazoezi yapo tena mifupa inapata kazi kuliko kwenye baiskeli, ila jioni anafika hoi na maji ya kuchota yanamsubiri, homework atafanya saa ngapi?

Kitu watu hawasemagi ni njaa. Sisi tulikuwa tunatoka alfajiri hatujatia kitu tumboni mpaka uji wa saa nne, kama upo, ikifika kipindi cha tatu nusu ya darasa inasinzia na ticha anadhani tumekesha kwenye video. Mtoto yuko kwenye kukua halafu anapiga pedeli tumbo tupu, hiyo afya unayoitafuta huipati. Kiporo, viazi vitamu, chochote, ale ndo atoke.

Halafu usimnunulie Phoenix kubwa eti atakua tu. Akikaa kwenye siti, pedeli ikiwa chini kabisa mguu ukaribie kunyooka, goti likunjike kidogo tu, siti ikiwa chini sana magoti yatamuuma. Breki zote mbili zishike. Kama lami ina malori na mabasi ya mikoani apite njia za ndani hata kama anazunguka.

Na kwa wenye mabinti ndo kabisa, hizi lifti za boda za bure kila asubuhi wote tunajua zinaishiaga wapi. Sister wangu alipewa baiskeli akiwa form three, mtaani wakaongea weee, eti binti haendeshi baiskeli, maza wala hakuwajibu.

Uko mkoa gani lakini mkuu? Kama ni huku kwetu kwenye mbigiri nunua na pampu na gundi ya pancha kabisa, na umfundishe kuziba mwenyewe.