Maneno Machache kwa Wadogo Zangu Mnaobaki Bwawani

Jumamosi iliyopita nilikuja mazoezini kwa mara ya mwisho nikiwa mwanachama wa timu, na kwa kuwa bega langu lilikuwa likiuma, nilikaa kwenye benchi la wazazi nikiwatazama. Katika muda wa saa moja nilimwona mmoja wenu aliyesahau miwani nyumbani akiazima ya mwenzake, na mwenzake huyo akilazimika kuogelea chali macho ameyafumba mpaka akapiga kichwa ukutani. Niliwaona wawili waliopewa mita 50 mara nane wakiogelea mara sita na kuapa kuwa wametimiza nane. Mwisho, katika zoezi la kupokezana, nilimwona mmoja akiruka kutoka kwenye jukwaa ilhali mwenzake angali mbali na ukuta kwa urefu wa mtu mzima, kisha akaibuka anacheka, na nyote mkacheka naye. Mimi sikucheka, na sababu yake nitaieleza nitakapofika hapo.

Nimekaa katika timu hii miaka tisa, tangu sijatimiza miaka kumi hadi nilipomaliza kidato cha sita mwaka huu, na karibu kila kosa mnalofanya nimelifanya kabla yenu, mengine kwa ustadi zaidi. Ninayaandika haya kwa sababu ninawapenda, na pia kwa sababu mmenichosha.

1. Msile urojo kabla ya mazoezi ya jioni. Najua kwamba yule mama wa karibu na skuli huupakua saa tisa na nusu, ukiwa wa moto, na kachori zake na bajia na chatne ya nazi, na kwamba daladala hupita hapo hapo. Mimi pia nilijua. Siku ya mazoezi ya mtindo wa kipepeo, katika mzunguko wa tatu, bwawa zima lilijua. Kuleni ndizi mbili, au kipande cha boflo, saa moja na nusu kabla ya kuingia majini, na urojo usubiri mkitoka.

Kwa kuwa nimetaja chakula, niseme jambo kuhusu Ramadhani. Mazoezi ya mwezi huo ni mepesi, tena huwekwa karibu na magharibi kwa makusudi, kwa hiyo hakuna haja ya mtu kujifanya mgonjwa kila siku. Mwaka wa juzi kijana mmoja alimeza maji wakati wa kugeuka, akamwendea Mwalimu kwa unyonge kumuuliza kama saumu yake ingali hai. Mwalimu akamjibu kwamba swali hilo ampelekee sheikh, kwa maana yeye kazi yake ni viwiko, na viwiko vyake siku hiyo vilikuwa vimebatilika kabisa.

2. Jifunzeni kuisoma saa ya ukutani. Msiwe watu wa kuuliza “tunaondoka lini?” kila mara. Aliyepewa mita 50 kila baada ya dakika moja na robo, akaondoka mshale wa sekunde ukiwa juu, basi ataondoka tena mshale ukiwa kwenye 15, kisha 30, kisha 45. Haya ni mahesabu ya darasa la pili. Anayehesabu vizuri hawezi kuibiwa mapumziko yake, wala hawezi kuiba mizunguko miwili akadhani hakuna aliyeona. Mwalimu huona. Hanyamazi kwa kuwa amepitiwa, hunyamaza kwa sababu anangoja siku ya mashindano, ambapo ile mizunguko miwili hukudai katika mita kumi za mwisho.

3. Kupokezana. Hapa nitakaa kidogo.

Wengi wenu mmekulia mjini Unguja kama mimi, na kabla hatujaliona bwawa tuliona ukuta wa pwani wa Forodhani. Makachu ndiyo skuli yetu ya kwanza ya kuruka: unakwenda mbio, unachupa, unapinduka hewani, na watu wanapiga kelele. Pale Forodhani mrukaji hangoji ishara ya mwamuzi. Anangoja watu wapambe moto, na wakipamba moto ndipo anapoondoka. Sikuwahi kufikiri kwamba mazoea hayo yanaweza kumdhuru mtu, mpaka tulipokwenda Dar es Salaam miaka mitatu iliyopita.

Tulivuka kwa boti ya asubuhi kutoka bandari yetu ya Malindi. Katika mbio za kupokezana za wavulana, mita 50 mara nne, mtindo huru, nilipangwa kuwa wa nne, na wa tatu alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili aliyekuwa na mwaka mmoja tu katika timu, ambaye alichukuliwa kwa sababu mwenzetu mkubwa aliamka na homa. Tulikuwa watu wa pili mtoto yule alipoingia majini. Aliogelea kama mtu anayefukuzwa. Alipogeuka na kuanza kurudi alikuwa sambamba na njia ya tano, na alipopita chini ya bendera, yaani zikiwa zimebaki mita tano, alikuwa amemtangulia mwenzake wa njia hiyo kwa kichwa. Wazazi wetu waliokuja nasi, pamoja na jamaa wa Unguja wanaoishi kule, wakasimama wote kwa pamoja, na sauti ikapanda kama ya Forodhani jioni ya sikukuu. Miguu yangu ikaisikia. Macho yangu hayakuwa kwenye mkono wa yule mtoto, yalikuwa kwenye jukwaa la watazamaji, nikaruka.

Kanuni mnaijua: unaweza kuanza kuzungusha mikono na kuinamisha mwili mapema upendavyo, lakini nyayo haziachi jukwaa mpaka mkono wa anayekuja uguse ukuta. Niliijua pia. Na nikiwa hewani, kabla hata maji hayajanigusa usoni, nilijua kwamba nimewahi, kwa sababu sikusikia lile kofi la mkono ukutani ambalo husikika chini ya miguu. Niliogelea mita 50 za kasi kuliko zote nilizopata kuogelea maishani, nikagusa wa kwanza, nikanyanyua ngumi juu, na nikawa bado natumaini kwamba mwamuzi alikuwa akitazama kwingine. Baada ya muda mfupi kipaza sauti kikatangaza kwamba timu yetu imeondolewa kwa mpokezano usio halali. Hakikusema ni mpokezano upi.

Mpaka hapa hilo ni kosa la mchezo, na kosa la mchezo humpata kila mtu. Ninaloona haya kuliandika ni lililofuata. Yule mtoto alinijia akiwa amejitanda taulo, midomo inamtetemeka, akaniuliza: “Kaka, kwani sikugusa?” Nilikuwa na miaka kumi na tano, wenzangu wawili walikuwa wakinitazama, na nikamjibu, “Labda hukugusa sawasawa.” Maneno matatu. Yeye akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa habari ya msiba wa mtu wa mbali, akaenda kukaa peke yake.

Wakati wa kurudi, watu wote walikuwa upande mmoja wa boti wakitazama mnara wa taa wa kisiwa cha Chumbe, naye alikuwa nyuma kabisa, mkono wake wa kulia ameuweka pajani, akiufungua na kuukunja kana kwamba anautazama kama una kasoro. Sikumwendea. Nilinunua soda mbili, nikanywa zote.

Wiki iliyofuata nikaona jambo ambalo mpaka leo likinijia usiku hunitoa usingizini. Kila alipofika ukutani, katika kila mzunguko, mtoto yule aliugonga ukuta mara mbili: mara ya kwanza kwa vidole, mara ya pili kwa kiganja kizima, pa, pa, kisha ndipo akageuka. Alikuwa akipoteza karibu sekunde nzima kila anapogusa, na wengine walikuwa wamekwisha kumpa jina la utani kwa hilo. Mwalimu hakumkemea. Alisimama kwenye ukingo, mikono nyuma, akimtazama yeye, kisha akinitazama mimi.

Mambo yakaenda hivyo kwa wiki sita. Jioni moja, wakati tunakunja kamba za njia, Mwalimu akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyolainika kwa jasho, akanipa bila ya neno. Ilikuwa karatasi ya waamuzi. Ilisema kwa kalamu ya wino kwamba muogeleaji wa nne ameondoka kabla ya mwenzake kugusa. Alikuwa nayo tangu siku ile ile. Nilipomaliza kuisoma alisema tu, “Hiyo si yangu kuisoma mbele ya watu.”

Kesho yake nikaisoma mbele ya timu nzima, kabla ya kuingia majini, na sauti yangu ilikwama mara mbili. Nilitarajia mtoto yule alie, au anitukane, au asamehe kwa namna ya kunitoa machozi. Hakufanya hata moja. Aliniuliza, “Basi mimi siku ile nilitumia sekunde ngapi?” Mwalimu akafungua daftari lake na kumsomea: 33 na nukta 8. Kabla ya safari hajawahi kushuka chini ya 36. Alikuwa ameogelea mbio bora za maisha yake, na kwa wiki sita nilimfanya aamini kwamba siku ile ndiyo aliyotuharibia. Siku hiyo aliugusa ukuta mara moja tu katika kila mzunguko, na seti ilipokwisha alinipita bila ya kunitazama, haki yake.

Sasa mnajua kwa nini sikucheka Jumamosi. Na wewe uliyeruka, ambaye sikutaji, nilikuona ukimwonyesha Mwalimu kwa kidole kwamba mwenzako alichelewa. Nenda kamwambie mwenzako leo, kabla hajaanza kuugonga ukuta mara mbili.

4. Kuhusu bahari. Bwawa tunaloazima lina mita 25 na kuta mbili. Bahari haina kuta, na huko hakuna wa kuwavua kwa ubao. Siku za bamvu, yaani za maji makubwa, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji yetu hujaa kwenye saa kumi na hupwa kwenye saa nne, kisha huchelewa kwa kadiri ya dakika 50 kila siku. Basi anayepanga mazoezi ya Jumapili ufukweni bila kuuliza mwezi u siku ya ngapi atawatembeza wenzake juu ya miamba nusu saa ili waogelee katika maji ya magotini. Ulizeni wavuvi. Kusi likivuma sana, rudini nyumbani.

5. Wazazi. Sisi ambao tulizaliwa kabla kidogo ya mwaka 2011 tuliletwa hapa kwa sababu isiyohusiana na medali. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba mwaka huo, ikielekea Pemba, na kabla watu hawajamaliza kulia, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012. Mama yangu, ambaye mpaka leo haingii majini zaidi ya vifundoni, alikaa kwenye benchi lile lile nililokaa mimi Jumamosi, buibui limemloa kwa maji tunayorusha, miaka mitatu mfululizo, mpaka alipohakikisha kwamba naweza kuelea nusu saa bila kushika kitu. Hakuwahi kuuliza nimetumia sekunde ngapi. Kwa hiyo mnapomlalamikia mama yenu kwamba amewachelewesha kwa dakika tano, punguzeni sauti. Benchi lile linasikia.

6. Mengineyo, kwa ufupi, maana najua mmechoka kusoma. Katika chura na kipepeo, gusa kwa mikono miwili kwa wakati mmoja, hata kama uko peke yako mazoezini. Katika chali, hesabu mikono yako kutoka kwenye bendera hadi ukutani, kisha uiamini hesabu hiyo. Wasichana wanaovaa mavazi ya kujisitiri wachague yanayobana mwili, kwani kitambaa kipana hunywa maji na kuwavuta nyuma kama nanga. Asubuhi za Juni na Julai maji hayatapata joto kwa kuyatazama, ingieni. Oga kabla na baada. Usivae kofia ya mashindano mazoezini.

7. Ufunguo wa stoo nimemwachia yule mdogo wenu wa 33 na nukta 8, ambaye sasa ana miaka kumi na mitano, ni mrefu kunishinda, na mwaka huu ndiye atakayekuwa wa nne katika kupokezana. Saa ya kushikia mkononi nimeitia betri mpya. Kamba ya njia ya tatu imekatika pembeni na inahitaji kufungwa kabla ya Jumamosi. Chini ya benchi nimeokota miwani ya buluu, kioo chake cha kushoto kina mkwaruzo. Iko juu ya rafu ya kwanza, na mwenyewe anajijua.