Kila msimbo ukivurugika naanza gemu upya. Nifanyeje?

SWALI: Huu ni mwaka wangu wa kwanza kujifunza kutengeneza gemu. Kila msimbo unapojaa hadi hausomeki, naufuta na kuanza upya, mara nyingi kwa injini nyingine (programu ya kutengenezea gemu). Katika gemu ya sasa, mhusika anakimbia haraka zaidi kwenye kompyuta ya rafiki yangu kuliko yangu. Nifanye nini msimbo uwe safi na nisipoteze mwelekeo?

JIBU: Kwanza, usifute. Karibu kila anayeanza huniletea kilio hiki, na karibu wote wameshaamini kwamba tatizo ni injini. Si injini.

Tazama huyo mhusika wako. Bila shaka umeandika kwamba kila fremu, yaani kila picha inayochorwa kwenye skrini, asogee pikseli 5. Kompyuta inayotoa fremu 60 kwa sekunde itamsogeza pikseli 300 kwa sekunde. Inayotoa 144 itamsogeza 720. Dawa yake ni mstari mmoja: andika kasi kwa sekunde, yaani 300, kisha uizidishe kwa muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Injini zote zinazotumika sana hukupa muda huo. Ungehamia injini nyingine, kosa ungehama nalo, na ungelikuta likikusubiri kwenye gemu ijayo.

Hili ndilo linaloniudhi: imani kwamba msimbo mzuri huzaliwa ukiwa safi. Mtengenezaji gemu Terry Cavanagh alitoa gemu yake VVVVVV mwaka 2010, ikapendwa. Msimbo wake ulipowekwa hadharani mwaka 2020, watu walikuta ndani yake fungu moja la msimbo, refu ajabu, lenye mamia ya matawi ya “ikiwa hivi, fanya vile”. Sikuambii uige hivyo. Nakuambia gemu ile iliisha, na mafunzo mengi ya kazi hii yako mwishoni, mahali ambapo anayefuta hafiki: menyu, kuhifadhi mchezo, hitilafu zinazojitokeza mtu mwingine anapocheza.

Basi safisha ukiwa ndani. Hifadhi toleo kwenye Git, programu inayotunza matoleo ya msimbo ili uweze kurudi nyuma, kisha chukua fankisheni moja tu, yaani kipande cha msimbo chenye kazi yake. Kama ile ya kugongana inapunguza uhai, inapiga sauti na kuongeza alama kwa pamoja, itenganishe. Kigeu (jina linalobeba thamani) kinachoitwa a2 kiite uhaiWaAdui. Endesha gemu baada ya kila badiliko, ili kikiharibika kitu ujue ni wapi.

Mwelekeo nao hupotea kwa sababu kazi haina mwisho. “Kumalizia adui” si kazi ya kukaa nayo leo. “Adui ageuke akifika ukingoni” ni kazi. Utaiona kwenye skrini ikiwa tayari. Wazo jipya likija, liandike pembeni, urudi kwa adui wako.

Wanaonufaika na kuanza upya kwako ni wauzaji wa kozi za “gemu kamili ndani ya wiki moja” na violezo vilivyokwisha tengenezwa. Kiolezo hukupa gemu inayotembea usiyoweza kuibadilisha. Msimbo ulioombwa kwa akili unde na kubandikwa bila kuusoma ni vilevile: mhusika akipenya ukutani, hutajua uanze kutafuta faili gani. Usibandike mstari usioweza kuueleza. Na kabla ya kulipia kozi yoyote, mwombe mwalimu akuonyeshe gemu aliyoimaliza mwenyewe, uicheze.