Hiyo alama ya radi ni umeme mdogo kaka, sio gemu

Kaka wa Uyole uliyeuliza kwa nini gemu za PlayStation zinakwama kwenye Raspberry Pi 4 yako (ile kompyuta ndogo ya bodi moja) na pedi inachanganya batani, hapo kinachokwamisha sio RetroPie, yaani programu ya kuchezea gemu za zamani, ile alama ya njano ya radi kwenye kona maana yake umeme unaoingia umeshuka chini ya volti 4.63, na Pi 4 inataka 5V 3A sasa we umeichomeka kwenye chaja ya simu ya Mwanjelwa na waya mrefu mwembamba, lazima ijipunguzie spidi yenyewe. Badilisha chaja NA waya, watu wengi wanabadili chaja tu halafu wanashangaa. Ukitaka uhakika fungua terminali (dirisha la kuandika amri) andika vcgencmd get_throttled, ikijibu 0x0 uko poa, ikileta 0x50005 umeme bado haupandi. Joto sidhani, mpaka ifike 80°C ndo inapunguza, na kwa baridi hii ya Mbeya labda uwe umeifungia kwenye boksi lisilopumua.

Pedi kuchanganya batani we bonyeza Start kwenye menyu kuu, chagua Configure Input, halafu shikilia batani yoyote ya pedi uzipange upya. Gemu za Nintendo 64 (mashine ya gemu ya zamani) usizipe matumaini makubwa, baadhi ya gemu zitasumbua tu hata umeme ukiwa safi.