Kioo kimegoma baada ya kusasisha: maswali yenu

Nimehamia Windows 11, sasa maandishi yamevimba, picha zimetanuka, na mwanga wa kioo haupungui. Nifanyeje? (Mwanachuo, Nyegezi)

Pole. Kioo chako ni kizima, kilichopotea ni draiva ya picha, yaani programu ndogo inayoifundisha Windows kutumia kadi ya picha. Windows ikiikosa draiva halisi huweka ya dharura, inayotoa picha tu basi. Haijui vipimo vya kioo chako wala namna ya kupunguza mwanga. Bofya kulia kwenye nembo ya Windows, chagua Device Manager, kisha Display adapters. Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter, umempata mchawi.

Nenda Settings, Windows Update, Advanced options, Optional updates. Draiva ya Intel au AMD ikiwepo hapo, iweke na uwashe upya. Isipokuwepo, soma modeli kwenye kibandiko cha chini ya laptopu, uitafute kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza. Zile tovuti za "draiva za bure" zipite mbali, nyingi zitakubebesha takataka. Angalia na bando pia: faili moja la draiva laweza kula mamia ya megabaiti, heri upakue kwa waifai ya chuo.

Laptopu ilijisasisha usiku. Asubuhi kioo cheusi, ila feni inazunguka na sauti ya kuwaka naisikia. Fundi anasema kioo kimekufa, ninunue kingine. Ni kweli? (Mfanyabiashara wa dagaa, Mwaloni Kirumba)

Usitoe hela kwanza. Huenda fundi yuko sahihi, lakini hajakuonyesha ushahidi.

Bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Hapo draiva ya picha huanzishwa upya. Ikiitika utasikia mlio mfupi. Kioo kikibaki cheusi, zima kabisa kwa kushikilia kitufe cha kuwashia, kisha washa huku ukigongagonga F10 kama ni HP, au F2 kama ni Dell. Ukurasa wa BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe, hufunguka kabla Windows haijaamka, kwa hiyo draiva ya Windows haina mkono pale. Ukiuona safi, kioo kizima, na kazi iliyobaki ni ya draiva, bisibisi ikae mfukoni.

Usipouona, ingia gizani umulike kioo kwa tochi ya simu, kwa ubavu. Maandishi hafifu yakionekana, taa ya nyuma ya kioo ndiyo haiwaki. Kisha unganisha HDMI kwenye runinga. Picha ikitoka huko, tatizo ni kioo au waya wake unaopita kwenye bawaba. Waya huo huchakaa kwa kufungua na kufunga, na siku ya kufa kwake inaweza kuangukia siku ya sasisho. Mwambie fundi aanze na waya; kwa kawaida ni rahisi kuliko kioo.

Shikamoo. Kioo kinapepesa kila nikifungua kitu tangu nisasishe. (Mwalimu, Nansio, Ukerewe)

Marahaba, Mwalimu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc ifunguke Task Manager. Nayo ikipepesa, kosa ni la draiva: ingia Device Manager, bofya mara mbili jina la kadi ya picha, nenda Driver, kisha Roll Back Driver. Kitufe kikiwa kimefifia, hakuna draiva ya zamani iliyohifadhiwa. Chagua Uninstall Device na uwashe upya. Task Manager ikitulia huku vingine vikicheza, kuna programu inayogombana na Windows mpya. Isasishe au iondoe.

Nimepandisha toleo la Ubuntu (mfumo wa Linux), nikiwasha ni giza tupu. (Igoma)

Wakati inawaka gonga Esc, au shikilia Shift kwa mashine za zamani, mpaka itokee menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha. Bonyeza E kwenye mstari wa Ubuntu, ongeza neno nomodeset (linaizuia draiva ya picha isijipange mapema) baada ya quiet splash, kisha F10. Itawaka hivyo mara hiyo tu. Kama kadi yako ni ya NVIDIA, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike sudo ubuntu-drivers install.

Naweza kurudi Windows 10? (Buzuruga)

Ndani ya siku 10 tangu uhame, ndiyo: Settings, System, Recovery, Go back. Zikipita, mafaili ya kurudia hufutwa. Ila msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mimi ningepambana na draiva kwanza. Kama laptopu ni ya mtumba yenye prosesa ya Intel ya kabla ya kizazi cha 8 na fundi aliiwekea Windows 11 kwa mlango wa nyuma, akikwepa masharti ya Microsoft, rudi tu. Microsoft haiitambui mashine hiyo kwa Windows 11. Kabla ya yote, nakili kazi zako kwenye flashi.