Kozi ya minara: waulize kwanza nani atamshusha nani

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umemaliza VETA umeme wa majumbani, cheti cha NVA ngazi ya pili. Umeona tangazo la kozi ya siku tatu ya kupanda minara ya simu, wanasema ukimaliza kazi ipo, na mama yuko tayari kuuza mbuzi wake upate ada. Unauliza ulipe au uache. Mimi huu ni mwaka wa kumi na moja kwenye minara, nimeanza kibarua wa kuvuta kamba na sasa naongoza timu, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyapitia.

Kozi ya kupanda unaihitaji. Ila mbuzi wa mama asiuzwe kabla hujajua kama kozi hiyo ina siku ya uokoaji, siku ya kujifunza kumshusha mwenzako aliyekwama juu.

Mimi nilianza bila kozi yoyote. Nilichukuliwa na kampuni ndogo iliyopewa kazi na kampuni nyingine, nayo ilikuwa imepewa na wenye kazi, unajua zinavyoshuka hizi kazi. Nikakabidhiwa mkanda wa kiunoni na kofia isiyo na kamba ya kidevuni. Saiti ilikuwa upande wa Makambako, mnara wa mita 45, na upepo wa kule wenyeji wake wanaujua. Nilipofika kama mita 30 mnara ukaanza kucheza. Mnara wa chuma lazima ucheze kidogo upepo ukipiga, lakini hakuna aliyekuwa ameniambia. Nikaukumbatia, mikono ikagoma kuachia. Chini wanapiga kelele, "Shuka! Shuka!" na hakuna hata mmoja aliyejua namna ya kunifuata. Nilikaa pale karibu saa nzima, mpaka aliporudi mzee mmoja fundi aliyekuwa amekwenda kutafuta mafuta ya jenereta. Akapanda, hakunivuta, hakunigombeza. Alisimama chini kidogo ya miguu yangu, akafunga ndoano zake, akasema, "Mwanangu, achia mkono wa kulia peke yake. Wa kushoto ubaki hapohapo." Tukashuka hivyo, kipago kwa kipago.

Siku ile kama ningeteleza, mkanda ule wa kiunoni ungeweza kunivunja mgongo au kunibana tumbo hadi nikate pumzi. Na hata mwenye hanesi, ile mikanda ya usalama inayoshika mwili mzima, hajapona kwa sababu tu hakufika chini. Akining'inia bila kujitikisa, mikanda ya mapajani inabana, damu inakaa miguuni hairudi kichwani, na ndani ya dakika chache anaweza kuzimia. Ukisubiri gari la zimamoto litoke mjini kuja saiti ya kijijini, umempoteza. Wa kumshusha ni mwenzake aliyeko naye hukohuko juu, kwa kamba na kifaa cha kushushia, na hilo halifundishwi kwa picha za ukutani. Ndiyo maana nakung'ang'ania na siku ya uokoaji.

Miaka miwili baadaye nilipata kozi ya kweli. Siku ya kwanza hatukugusa mnara kabisa. Tulikaa na vifaa mezani, kila mtu anakagua hanesi yake uzi kwa uzi kwa vidole: unaukunja utepe uone kama nyuzi zimekatika, unatazama pete ya mgongoni, unasoma tarehe ya kutengenezwa. Laniadi, yaani kamba fupi inayounganisha hanesi na ndoano, ambayo kifyonza mshtuko chake (kipande kinachofunguka kupunguza kishindo cha kuanguka) kimeshafunguka, au hanesi iliyowahi kudaka mtu anayeanguka, inakatwakatwa ili asije mwingine akaivaa. Halafu mwalimu akatupigia hesabu ambayo hadi leo naifundisha vijana wangu. Laniadi ina mita 2. Kifyonza kikifunguka kinaweza kuongeza hadi mita 1.75. Mwili kuanzia pete ya mgongoni hadi nyayo weka mita 1.5, na nafasi ya akiba mita 1. Jumla inapita mita 6 kutoka pale ulipofunga ndoano. Kwa hiyo ukifunga ndoano usawa wa miguu ukiwa mita 5 kutoka ardhini, una hanesi mpya na bado utapiga chini. Ndoano inafungwa juu ya kichwa, na ziko mbili: moja haifunguliwi mpaka nyingine imelia "ta!" kwenye chuma. Siku ya pili tulipanda tukiusikiliza mlio huo tu. Siku ya tatu kila mmoja alimshusha mwenzake, kisha akashushwa yeye. Mimi niliyemshusha alikuwa na kilo zaidi ya 90, na mikono ilinitetemeka hadi jioni.

Sasa kuhusu hilo la "kazi ipo". Kazi za minara zipo kweli. Mei 2023 ilisainiwa Dodoma mikataba ya kujenga minara 758 vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na mbali na minara mipya kuna ya zamani inayoongezwa vifaa vya 4G na 5G. Lakini hakuna anayekuajiri kwa kuwa unajua kupanda. Kupanda ni njia ya kufika kazini, na huko juu mikono yako ndiyo itakayokulisha. Hapo ndipo cheti chako cha VETA kina thamani kuliko unavyodhani, na kama unaweza kuongeza elektroniki au mambo ya mtandao, pale Kipawa Dar es Salaam kuna kituo cha VETA cha TEHAMA, ulizia kozi zao.

Nikupe mfano wa kazi ya mikono. Saiti moja ya pwani, upande wa Pangani, kila masika sekta moja, yaani upande mmoja wa antena za mnara, ilikuwa inatoa alamu ya mawimbi kurudi nyuma badala ya kutoka kwenye antena. Timu tatu zilikwenda kabla yetu, mojawapo ikabadilisha antena nzima. Nilipofika juu nikakata utepe uliofunika konekta ya jampa, ile kebo fupi inayoingia kwenye antena, nikafungua, maji yakanitiririkia kiganjani, na ndani shaba imeota kijani kwa chumvi. Aliyefunga alikuwa amezungusha utepe kutoka juu kwenda chini. Fikiria makuti: mwezekaji anaanza chini kwenye upenu, anapanda nayo, ili kila kuti la juu lilalie la chini na maji yapite. Yule alikuwa ameezeka kinyume, kila mkunjo umekuwa kikombe cha kukinga mvua. Sisi tunafunga mzunguko mmoja wa utepe wa plastiki, mitatu ya mpira unaovutwa hadi ujishike wenyewe, kisha mitatu tena ya plastiki, kila mkunjo ukifunika nusu ya uliotangulia, na ule wa nje kabisa lazima uanzie chini. Na kabla ya utepe, konekta inakazwa kwa spana ya torki, inayopima nguvu ya kukaza; konekta kubwa ya aina ya 7/16 ni kati ya Nm (nyutoni mita) 25 na 30. Kukaza kwa kukisia ukiwa mita 50 na upepo unakupiga, hapana. Kazi yote haifiki dakika kumi, na tangu siku hiyo saiti ile haikutuita tena.

Wewe mtu wa umeme wa majumbani kuna mahali utateleza, nakuonya mapema. Vifaa vya mnarani vinakula volti 48 za DC, umeme kama wa betri, na upande chanya ndio ulioungwa na ethi. Waya wa bluu ambao nyumbani unaujua kama nyutro, kwenye saiti nyingi ndio wenye hasi 48. Nimeona fundi mzuri kabisa wa nyumba akigeuza nyaya za redio mpya (kifaa cha mnarani kinachorusha mawimbi ya simu) kwa sababu mkono ulimwongoza kwa mazoea. Pima kwanza kwa mita, kila mara.

Mengine utajifunza kwa kukaa na timu: kuelekeza dishi la maikrowevu taratibu ukitazama volti kwenye mita, na kutoridhika na kilele cha kwanza cha mawimbi kwa sababu huenda ni cha pembeni na kile chenyewe kiko mbele kidogo. Kupima uelekeo wa antena kwa dira ukiwa umesimama mbali na mnara, maana chuma kinaivuta sindano. Kumsikiliza aliye chini anayeshika kamba ya kuongozea mzigo kwenye kapi. Na mawingu yakianza kunguruma mnashuka, hata kama supavaiza anapiga simu.

Kuhusu hanesi: usinunue ya mtumba, na usikubali kukatwa mshahara kwa ajili yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Mwajiri anayekwambia uje na chako, kumbuka mkanda wangu wa kiunoni.

Umeandika pia kwamba unaogopa urefu kidogo. Mimi bado naogopa, na kijana asiyeogopa kabisa huwa simpandishi wiki ya kwanza, namweka chini kwenye kamba nimtazame. Woga ndio unaokufanya usikilize ndoano.

Kwenye tangazo ulilobandika naona picha ya vijana wamesimama chini ya mnara wameshika vyeti, wamevaa kofia. Wapigie simu kesho. Waulize mafunzo yanafanyika kwenye mnara gani, una urefu gani, mwalimu mmoja anashika wanafunzi wangapi, cheti chao kinaisha lini, na siku ya tatu nani atamshusha nani. Mama asitoe kitu mpaka wamejibu, na wewe rudi hapa utuandikie walichosema.